Andika kwanza ile itaoza

Nko na foda kwa laptopu imeandikwa KAZI na ndani yake kuna vitu vingi vyenye nimeanza kuliko vyenye nimemaliza, na najua si mimi peke yangu, juu kila mtu mwenye nimewahi kukaa naye akaniambia anaandika ako na foda kama hio mahali. Ukiuliza watu uanze na gani watakwambia andika ile unapenda zaidi. Ama maliza ile iko karibu kuisha. Ama andika ile inalipa. Hayo majibu matatu nishayajaribu yote na shida yake ni moja, kila moja linaniambia kitu tofauti, kwa hivyo nabaki palepale nikiangalia foda.

Wacha niwaonyeshe kuko nini ndani ndo tusiongee hewani.

Kuna riwaya. Inatokea Ahero, kwa mashamba ya mpunga, ile skimu ya serikali ilianza 1969, na ni ndugu watatu wanapigania shamba baada ya baba yao kuaga. Hii ndo kipenzi changu, nikilala naiwaza. Kuna skripti za drama za shule, hizi ndo huniletea pesa. Kuna diwani ya mashairi yenye kusema ukweli jina ndo limekamilika. Kuna hadithi ya watoto ya msichana wa ufuoni ule wakati wa kuvua omena, wale dagaa wa ziwa, umefungwa, Aprili hadi Julai, na nyumbani kwao kila mtu anaishi na omena. Halafu kuna kazi ya mabaharia, yenye si hadithi ya kutunga, ni wazee wa ukweli wenye walifanya kwa meli za ziwa hapa Kisumu zamani wakati reli na meli zilikuwa za Afrika Mashariki nzima.

Na muda wa kufanya haya yote unatoka wapi? Mi hufanya kwa saiba, duka la kompyuta na intaneti, upande wa Kondele. Kutoka asubuhi mpaka jioni natengenezea watu ritani za kodi za KRA, maombi ya mkopo wa chuo wa HELB, siivii, barua za kuomba kazi, naskani vyeti, na Alhamisi na Ijumaa ni programu za mazishi kutoka saa nne mpaka giza juu hapa kwetu watu huzikwa Ijumaa na Jumamosi na kila familia inakuja dakika ya mwisho na foto ya marehemu iko kwa simu ya mtu mwenye hajafika. Juni usiniongeleshe kabisa, ritani zinafungwa tarehe 30 na Wakenya wote hukumbuka tarehe 28.

Sasa kitu cha kwanza nilichogundua, na hiki kilinishangaza, ni kwamba kazi zangu nyingi hazikuwa zinapigana. Nilikuwa nadhani ziko tano zinang'ang'ania muda mmoja kumbe kila moja inakula muda wake. Skripti mimi huandika usiku, TV ya jirani ikipiga kelele, haijalishi, ata kelele inanisaidia kusikia watu wakibishana. Shairi huja nikiwa kwa matatu ya Mamboleo ama nikingoja mtu atafute nambari yake ya kitambulisho, naliandika kwa simu mistari miwili mitatu basi. Sijawahi kukosa muda wa shairi, nimekosa tu mashairi. Kuongea na wazee ni Jumapili baada ya kanisa, juu ndo wako nyumbani na wameshiba na hawana haraka. Riwaya inataka asubuhi, ile saa kumi na moja kabla sijafungua saiba, kichwa kikiwa bado hakijaguswa na mtu yeyote.

Kwa hivyo ukipanga hivyo unaona vita ni moja tu. Kutaipu zile rekodi za wazee. Watu hufikiri kurekodi ndo kazi, hapana, kurekodi ni raha, unakunywa chai unasikiza. Kazi ni kukaa chini na kuandika kile kimesemwa, na saa moja ya sauti inakula kama saa nne za kutaipu, hapo mtu anaongea lugha moja na hakuna jogoo. Wazee wangu wanaanza na Kiswahili cha kazini, wakikasirika wanaingia Kijaluo, wakimnukuu bosi Mzungu wanaingia Kiingereza, halafu kuna mjukuu analia, halafu mvua kwa mabati. Hio siwezi kufanya usiku baada ya kuangalia skrini ya saiba mchana wote, nasinzia, naandika vitu havikusemwa. Inataka asubuhi. Asubuhi ileile ya riwaya.

Basi hapo ndo swali lenyewe. Ingine zote zilikuwa kelele tu.

Hesabu ya riwaya niliifanya juu napenda kujua kitu kinagharimu pesa ngapi kabla ya kukinunua. Maneno 300 kila asubuhi, siku tano kwa wiki, wiki 40, ni maneno 60,000. Hio ni rasimu ya kwanza ya riwaya ya kawaida, na wiki 40 ni mwaka mzima ukitoa Juni, ukitoa Krismasi na matanga na malaria. Mwaka mmoja wa asubuhi. Ukiweka hivyo unaacha kusema "ntaifinya mahali", juu hakuna mahali.

Kuna Alhamisi moja alikuja kijana na karatasi ya kuandikiwa yulojia ya mjomba wake. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu pande zote mbili, watoto, wajukuu, shule ya msingi, kanisa, ugonjwa, hospitali mpaka ya mwisho. Kazi yake ilikuwa mstari mmoja. Ati alifanya na East African Railways and Harbours kama baharia, akarudi nyumbani kulima. Nikamuuliza meli gani? Akasema hajui. Nikamwambia piga simu uulize, akapigia shangazi yake, shangazi hajui, akauliza mtu mwingine huko nyuma nikasikia wakibishana, mmoja anasema Victoria mwingine anasema Usoga, mwishowe kijana akaniambia wacha tu hivyo, weka baharia inatosha. Nikaweka. Nikaprinti kopi mia mbili.

Hebu fikiria Victoria pekee. Ilijengwa Scotland, ikabomolewa vipandevipande ikaletwa mpaka Mombasa, ikapanda treni mpaka hapa, ikaunganishwa tena hapahapa Kisumu na kuanza safari 1961, inazunguka Kenya, Uganda na Tanzania. Meli ya Uhuru ilikuja miaka ya sitini pia, hio ni ile inabeba mabehewa ya treni yakiwa mazima, yanaingia na magurudumu yake kwa reli ziko ndani ya meli. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na kila nchi ikashika chake, Victoria ikabaki upande wa Tanzania, Uhuru ikabaki kwetu, na watu waliokuwa wanafanya kazi pamoja juzi wakajikuta ni wageni. Hio Uhuru ilikuja kukaa miaka mingi bila kazi pale bandarini mpaka ikarudi majini 2019. Mtu alikuwa kwenye hayo yote, aliona kwa macho yake, na kwa programu ya mazishi amepata mstari mmoja wenye hauna ata jina la meli.

Piga hesabu ya umri pia. Mtu aliyeajiriwa 1970 akiwa na miaka 20, saa hii amepita 75. Na huyo ndo mdogo wao.

Kutoka hapo nikaanza kuuliza foda yangu swali tofauti. Siulizi tena naipenda kiasi gani. Nauliza hii kitu nikiiacha mwaka mmoja nikirudi ntapata imepungua nini? Wale mama wa samaki pale soko la Kibuye wanajua hii bila kufundishwa, asubuhi anakupigia kelele ya ngege mbichi, obambla, ngege wa kupasuliwa na kuanikwa, iko hapo pembeni imekauka hajaitaja ata mara moja, na si ati obambla ni mbaya ama haina faida, ni kwamba kesho itakuwa bado obambla.

Riwaya yangu ni obambla. Wale ndugu watatu wa Ahero hawazeeki, yule mkubwa amesimama kwa mfereji na jembe mkononi tangu mwaka jana na nikirudi ntampata palepale na hasira yake ileile. Mzee mmoja wa meli mwenye narekodi pale Nyalenda, yeye siwezi kusema hivyo.

Najua kuna mtu atasema lakini riwaya nayo inapoa, ukiiacha unapoteza ule moto. Rafiki yangu mmoja anaandika pia, tulibishana hii kitu mpaka soda ikaisha gesi. Ni ukweli nusu. Kuna zingine zilikufa, nilikuwa na moja ya mlinzi wa benki, nikaifungua siku moja nikasoma kurasa zote na sikuweza kukumbuka nilikuwa nataka kusema nini, nikaifuta na sikuumia ata kidogo. Lakini ile ya Ahero kabla niiache niliiandikia ukurasa mmoja wa maelezo, si muhtasari, ni barua kwangu mwenyewe: umefika hapa, huyu anajua hili na yule hajui, sura inayofuata mama ataingia na ataongea kwanza yeye, usimwache mwalimu mkuu aongee sana anaboesha. Moto nimeuandika. Kama kweli ulikuwepo ukurasa huo utauwasha, na ukikataa basi sijui, tutaona.

Huyo rafiki akanitupia ingine, ati tuzo. Kuna ile tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, wanapokea miswada ya riwaya na ya mashairi pia, na pesa yake ni ya dola si ya mchezo. Akasema maliza riwaya upeleke. Nilishawishika, siwezi kudanganya, nikakaa na hio hesabu ya dola kwa kichwa wiki nzima nikinunua vitu. Lakini dedilaini ya mtu mwingine ni dedilaini yake, haijanipangia kazi yangu. Na tuzo ikipita huwa inarudi.

Drama nayo ndo ilinisumbua zaidi kwa hii hesabu, juu drama inaoza kweli kweli. Walimu huanza kunitafuta shule zikikaribia kufungwa mwisho wa mwaka, wanataka skripti iwe mkononi Januari watoto waanze mazoezi, halafu ni mashindano, zoni, kaunti ndogo, kaunti, mkoa, na fainali Aprili. Skripti ikifika Februari katikati ni karatasi ya kufungia mandazi. Na juu ya hio kuna mambo ya maudhui, kila mwaka waandaaji wanakuja na ya kwao, tangu zile fainali za 2025 pale Nakuru zenye polisi walirusha vitoa machozi kwa sababu ya mchezo wa shule moja ya wasichana, kuna walimu wananipigia ata kabla ya salamu wananiambia bwana mwandishi tafadhali, mambo ya serikali wacha kabisa, weka tu mihadarati na mimba za mapema. Ndo maana michezo mingi inafanana. Nikikuwa na nguvu ntaandika hio hasira yote siku ingine.

Lakini angalia, drama inaoza na inarudi. Mwaka huu ukikosa, Novemba ijayo mwalimu atapiga tena. Si kama mzee. Kwa hivyo hapo nikajifunza kutenganisha, kuna cha kuharibika kisha kinaota kingine, na kuna cha kuharibika basi. Drama nimeiwekea mpaka, skripti mbili kwa msimu, za shule zenye hunilipa nusu kabla sijaandika neno, na kuna shule nisiyoitaja imenisaidia kuifanya hio ya nusu-kabla iwe sheria. Inaandikwa usiku, haiingii asubuhi. Pesa yake ndo inanunua bando na nauli ya kwenda kwa wazee, so usinisikie nikiidharau.

Hadithi ya watoto nimeitoa kwa mikono yangu. Saa hii wachapishaji wanatafuta hadithi fupi za madarasa ya mtaala mpya, ambao umefika mpaka Gredi ya 10 tangu Januari 2026, lakini kuandikia watoto wa Gredi ya 2 kuna mambo yake, urefu wa sentensi, msamiati, na kitabu kikitaka kutumika darasani kuna KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, ya kukipitia. Rafiki yangu mwalimu anaishi na hao watoto kila siku, anajua wanacheka wapi. Nikampa kurasa zangu nikamwambia endelea, jina liwe la wote wawili, tukipata kitu tugawane. Alinitumia sura moja juzi na omena wake wanaongea. Mimi nisingeweza kufanya omena waongee.

Basi asubuhi ni za wazee. Naamka, nachemsha maji, naweka earphone, narudisha nyuma, nataipu, narudisha nyuma tena. Kuna mzee mmoja hapo Nyalenda alikuwa kwa sitaha, anaitwa jaduong', yaani mzee, na kila mtu wa mtaa na mimi pia, na kitu chenye alinieleza kuhusu kupakia mabehewa sijawahi kukisoma mahali, ati hauwezi kuingiza upande mmoja mpaka ujae ndo uende upande mwingine, meli italala, unaingiza huku, unaingiza kule, na kuna mtu kazi yake ni kuangalia tu maji yako wapi ubavuni. Nikamuuliza huyo mtu alikuwa anaitwa nani akanyamaza, akasema nyathina, yaani mtoto wangu, hilo jina lilikuwa hapa jana. Wiki iliyofuata akanipigia mwenyewe saa mbili usiku ati amelikumbuka. Nikaandika nyuma ya risiti.

Kitu wanapenda kuongelea zaidi, na sikutarajia, ni chakula. Nilienda na maswali ya 1977, ya mgomo, ya mshahara, wanajibu vizuri lakini kwa ufupi. Nikiuliza nani alikuwa anapika, hapo sasa unapata nusu saa. Nani alikuwa anaficha nyama, ugali ulisongwaje meli ikiyumba, mpishi wa kutoka pwani alivyowawekea nazi kwa samaki na Wajaluo wakasusa siku ya kwanza na siku ya tatu wakaomba. Karibu sura nzima ni jikoni na sijaipanga, imejipanga.

Sasa hii hesabu yangu ya kuoza iko na mahali inashindwa na si vizuri niifiche. Inashindwa vitu viwili vikioza pamoja. Dani yangu, mama ya mamangu, ako Ugenya, na anajua nyimbo za matanga za zamani zile za kumlilia mtu kwa jina na ukoo na ng'ombe zake, zenye siku izi hauzisikii juu kuna DJ. Ako na umri kama wa hao wazee na macho yameanza kuisha. Nikiuliza foda swali langu linanijibu wote wawili, haraka, saa hii. Nilikaa na hilo muda na nikaongeza swali la pili, nani mwingine anaweza kufanya hii? Kwa mabaharia hakuna, hao wazee wamenizoea mimi, wamenijaribu kwanza kabla ya kuongea. Kwa dani wapo. Binamu yangu anafunga shule Agosti na ako na simu nzuri kuliko yangu, nimemwonyesha kurekodi, nimemwambia akae karibu na mdomo wa dani, simu iwe kwa ndege mode ndo isilie katikati, amuulize kwanza kama anakubali kurekodiwa na hio ruhusa iwe ndani ya sauti, na kila jioni atume kopi kwangu na ingine aweke kwa flashi. Asimkatize. Dani akisema wimbo fulani hauimbwi mchana, asingoje aambiwe mara mbili, arudi jioni.

Kama ingekuwa hakuna binamu ningeenda kwa dani, na wazee wa meli wangengoja, na pengine mmoja hangengoja. Sina jibu zuri la hapo.

Kuna orodha bado ya watu natafuta. Fundi wa injini yeyote, karani wa mizigo, mtu wa Kendu Bay ama Homa Bay ama Asembo aliyekuwa kwa gati, na hasa wapishi, juu wale wawili niliosikia majina yao nasikia walishatangulia. Kama una babu ama mjomba wa hivyo, ata kama familia inasema ati alikuwa anaosha sufuria tu, niambie. Lakini niambie kabla ya Juni.